Atakayekufa kwa Aibu

Kosa nitakalolieleza hapa ni la mtu kuuficha woga wake nyuma ya mgongo wa mama yake, kisha kuuita woga huo heshima. Silitaji kwa upole. Nimefundisha Kiingereza katika lise moja, shule ya sekondari ya mji huu, kwa muda mrefu, nimesoma vitabu vya dini yangu na vya dini za majirani, na sijaona mahali popote palipoagizwa kwamba mtu mmoja afukiwe akiwa hai ili mwingine asione haya.

Baba yangu alifariki, na mwaka wa matanga ukawa unakaribia kwisha. Kwetu Burundi msiba haufungwi makaburini. Siku chache baada ya mazishi kuna kukutana kwa mara ya kwanza. Kisha, mwaka ukitimia, kuna siku ya kuganduka, siku ambayo ndugu, majirani na marafiki huja kuwaondoa wafiwa katika huzuni na kuwarudisha kwenye maisha. Siku hiyo msemaji wa ukoo husimama akamtaja mjane, akawataja watoto kwa kufuata kuzaliwa kwao, kila mmoja akasimama akaonekana. Atakayetajwa ametajwa. Asiyetajwa anaweza kwenda akalia kwa majaji na kwa maaskofu. Watu watamwuliza swali moja tu: siku ya kuganduka ulikuwa wapi?

Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa baba yangu. Nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji huu, kwa mama Mwislamu, kabla baba hajafunga ndoa kanisani na mwanamke wa dini yake na kuhamia Kinanira, kule mlimani. Watoto watatu walizaliwa huko. Walijua kwamba nipo, na mimi nilijua kwamba wapo, kama watu wanavyojua kuwa ng'ambo ya ziwa kuna Kongo.

Kaka yao mkubwa, ambaye kwa damu ni mdogo wangu, alikuja kwangu Jumapili moja alasiri. Anafanya kazi katika shirika fulani lenye ofisi zake Kinindo. Gari lake refu jeupe lilikosa mahali pa kusimama, kwa kuwa barabara yetu ni ya mafundi na kila kivuli kina injini iliyofunguliwa. Fundi mmoja alimpigia kelele: "Patron, usiniwekee ndege yako juu ya spana zangu!" Aliingia ndani akiwa bado anajipangusa mafuta kwenye kiatu.

Hakuniita dada. Aliniita madamu.

"Madamu, sikia. Mi sikuje kwa vita. Nimesikia unataka kukuja siku ya kuganduka."

"Sitaki kuja. Nitakuja."

"Voilà. Sasa mama iko na tension, damu inapanda. Daktari amesema asisumbuliwe. We ukisimama pale mbele ya batu, mbele ya mapadri, mbele ya wakubwa wangu wa kazi..." Alitafuta neno kwa Kirundi, akalitafuta kwa Kifaransa, mwisho akalichukua la Kiingereza, labda kwa sababu alijua ninalifundisha. "Uta-mortify mama yangu."

"Amekuambia hivyo yeye mwenyewe?"

"Hiyo haiulizwe. Mutu na heshima hawezi kumuuliza mama yake vile."

"Basi hujui."

"Najua!" Akashusha sauti, maana mama yangu alikuwa chumba cha pili akichagua maharagwe. "Na ule mutungi wa impeke? Watoto wote wanakunywa. We ni Mwislamu, hunywi. Utasimama, kisha utakataa mutungi. Aibu mara mbili. Ni wewe mwenyewe nakuonea huruma."

Lazima nieleze jambo hili, kwa kuwa ndilo alilolitegemea. Katika ukoo wa baba, watoto wakishatajwa, mtungi wa impeke, ile pombe ya mtama, huwekwa katikati. Mjane huingiza mrija wa kwanza, akavuta, kisha watoto huja mmoja mmoja na mirija yao. Kunywa pamoja mtungi ule ndio muhuri. Msemaji anaweza kukutaja akakosea, mtungi haukosei. Ndugu yangu alikuwa amefikiri vizuri: dini yangu mwenyewe ingenifukuza, na mikono yake ingebaki safi.

Nilimwambia, "Nitasimama, na sitakunywa." Akaondoka bila kuigusa chai niliyomwekea.

Alipokwisha kwenda, nilifungua kamusi yangu kubwa. Silioni jambo hilo kuwa kukimbia uchungu. Mtu akikupiga kwa fimbo, una haki ya kuitazama ni ya mti gani. Neno lile, mortify, Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini cha kanisa, ambamo limejengwa kwa sehemu mbili: mauti na kutenda. Maana yake ya kale ni kuua, bila pambo lolote. Baadaye watawa walilichukua wakalifanya neno la kufunga na kujinyima, kuyaua matamanio ya mwili ili roho ipone. Matabibu nao walilitumia kwa nyama inayooza katika mguu au mkono wa mtu aliye hai, kiungo kinachokufa mwenyewe akikitazama. Ni mwishoni kabisa ndipo liliposhuka sebuleni, likawa neno la mtu aliyetahayarishwa mbele ya wageni. Limetoka kwa mwuaji, likapita kwa mtawa na kwa tabibu, likafika kwa bibi mwenye kikombe cha chai. Ndivyo maneno yanavyozeeka: yanasahau damu iliyokuwa mikononi mwao.

Lakini mimi sikusahau. Nilijiuliza: katika habari hii, nani ameuawa? Kiswahili chetu, ambacho watu wa Kinanira hukicheka na kukiita lugha ya wajanja, hapa kina akili kuliko Kiingereza. Kinatenganisha haya na aibu. Haya ni mlinzi ambaye mtu humweka mwenyewe mlangoni pake. Aibu ni dosari ambayo wengine wanakuvika. Mjane alikuwa na haya yake, na hakuna aliyeigusa. Aliyevikwa aibu tangu tumboni ni mimi, na kabla yangu, mama yangu.

Nitasema kisa kimoja tu cha utoto. Baba alikuwa wakala wa forodha pale Bandari. Deklara, kama mji unavyowaita. Kazi yake ilikuwa kutangaza mizigo ya watu mbele ya serikali, gunia kwa gunia, na alisifiwa kwa uaminifu. Siku za likizo alinipitia Buyenzi akanichukua kutazama meli za mizigo zikishusha saruji kutoka Kigoma. Nilipenda harufu ya kule, mafuta mazito na ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu. Wapakuzi walimwuliza, "Chef, huyu mutoto mwenye macho yako ni nani?" Baba akacheka akasema, "Ni mutoto wa dada yangu." Nilikuwa nimeushika mkono wake. Aliposema hivyo hakuniachia mkono, aliubana zaidi. Hadi leo sijui kama ule mbano ulikuwa wa kuniomba radhi au wa kuniamuru ninyamaze, na sitaki tena kujua. Mpakuzi mmoja, mtu mfupi mwenye sauti nene, alisema, "Basi dada yako amekuazima uso!" Wakacheka wote. Baba pia alicheka. Nikajifunza siku ile kwamba mtu anaweza kucheka huku akimkana mtoto wake, na meli ikaendelea kushusha saruji.

Mama yangu hakuwahi kulalamika. Wanawake wa Buyenzi wa umri wake wana namna yao ya kunyamaza ambayo si unyonge. Nilipomweleza ninalokusudia, alimaliza kwanza kuondoa mawe katika maharagwe. Kisha akasema:

"Mi sitaki vita, mwanangu. Na sitakwenda; miguu haitaki. Lakini ukienda, usiende kama mutu amekuja kuomba. Vaa vizuri."

"Na wakinifukuza?"

"Watakuwa wamekufukuza umevaa vizuri."

Siku ilipofika nilivaa imvutano ya rangi ya kahawia, lile vazi la heshima la wanawake wa nchi hii linalofungwa begani, na juu ya kichwa nikafunga mtandio wangu kama ninavyoufunga kila siku ya maisha yangu. Sikutaka mtu yeyote aseme kwamba nilijificha nilikotoka.

Uani kwao Kinanira palikuwa na hema kubwa na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa. Nilikaa safu ya nyuma, kati ya mwanamke mnene aliyejipepea kwa programu ya misa na mzee aliyesinzia. Ndugu yangu aliniona. Alimnong'oneza kijana wa mapokezi, kijana akaja akaniambia kwa adabu kwamba kuna viti vizuri zaidi kule nyuma, upande wa jikoni. Nilimwambia nashukuru, hiki kinanitosha.

Mjane alikaa mbele, amevaa nguo nyeupe, mwanamke mdogo wa umbo mwenye shingo iliyonyooka. Nilikuwa sijawahi kusema naye hata salamu. Kwa mwaka mzima nilisikia kutoka kwa huyu na yule kwamba mwanawe anazunguka ukoo mzima akisema, "Yule wa Buyenzi akitajwa, mama atakufa." Basi nilimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa, nikitafuta dalili. Sikuona dalili yoyote. Alikuwa akimkaripia mtu kuhusu barafu.

Msemaji alikuwa mdogo wa baba, mzee mwenye Kirundi kizuri cha kale. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, lakini ladha yake imebaki kule. Aliwashukuru wageni, akawataja waliofariki, akamtaja mjane. Kisha akaanza watoto. "Mtoto wa kwanza wa marehemu," akasema, na ndugu yangu akasimama, akafunga kifungo cha koti. Watu wakapiga makofi. Msemaji akataja wa pili, akataja wa tatu, binti, ambaye alisimama nusu akakaa.

Halafu akauliza kama desturi inavyotaka: "Je, tumemsahau mtu?" Ni swali linaloulizwa ili lijibiwe na kimya. Wengi walikuwa wameshaanza kutazama makreti ya vinywaji.

Nikasimama.

"Mmenisahau mimi," nikasema kwa Kirundi. Sauti yangu ni ya mwalimu; haikuhitaji mikrofoni. "Mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu. Sikuja kudai nyumba wala kiwanja. Nimekuja kutajwa."

Ile hema ilitoa sauti kama ya mtu aliyechomwa na maji moto. Mwanamke mwenye programu ya misa aliacha kujipepea. Mbele yangu mtu aligeuka akasema, "Muswahili, huyo! Baswahili hawakosi teatri," na mwingine akamjibu, "Nyamaza, muangalie uso. Si ni yeye mwenyewe amefufuka na mutandio?" Kuna watu walicheka. Ndugu yangu alikuja mbio kati ya viti, akitabasamu kwa wageni kulia na kushoto huku akizungumza nami kwa meno yaliyofungwa.

"Kaa chini, madamu. Je t'en prie, nakuomba. Unamuua mama."

"Mwache mama yako ajifie mwenyewe kama anakufa. Wewe unaogopa kuwa wa pili."

Najua kwamba nilisema hivyo mbele za watu, na kwamba ni neno kali. Silirudishi. Kuna wanaofundisha kwamba ukweli lazima usemwe kwa kunong'ona. Hao mara nyingi ni watu ambao uongo wao ulisemwa kwa kipaza sauti.

Mzee msemaji alikuwa amechanganyikiwa, na mtu aliyechanganyikiwa hukimbilia desturi. Akasema, si kwa ubaya, "Mwanangu, ukoo huu una mtungi wake. Mtoto wa nyumba hii anajulikana kwa kunywa pamoja na wenzake. Njoo unywe, tujue."

Hapo ndipo ndugu yangu alipopumua. Nilimwona.

Nilitembea hadi mbele. Mtungi ulikuwa umewekwa juu ya kigoda, povu la kijivu likizunguka mdomo wake, na mirija mirefu imefungwa pamoja kando. Nikasema, "Mimi sinywi, baba mdogo. Dini yangu hainiruhusu, na sitaiuza dini yangu ninunue baba. Lakini ni baba yangu."

Kisha sauti zikaanza kupanda kutoka kila safu, za kunikubali na za kunikataa, na nilitambua kwamba nimefika ukingoni. Sikuwa na neno jingine. Kama wakati ule mtu angenishika mkono kunitoa, ningetoka. Na jambo lingekuwa limekwisha kwa ajili yangu, kwa ajili ya mama yangu nyumbani Buyenzi, na kwa watoto wangu ambao wangeulizwa maisha yao yote babu yao ni nani.

Mjane alinyoosha mkono akaomba mikrofoni. Mwanawe akasema, "Mama, tafadhali, tension yako." Hakumtazama. Akaipigapiga mikrofoni kwa kucha, tuk tuk, kuona kama inasikika, na aliposema hakusema Kirundi. Alisema Kiswahili, kile cha mjini, mbele ya ukoo wote wa mlimani, ili mtu asikosee ni nani anayesemeshwa.

"Miye ndiye naambiwa nitakufa leo?" Akawageukia wageni. "Basi niangalieni. Nakufa?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akaogopa kwamba amecheka.

"Huyu mutoto mi namujua. Siku ya ndoa yangu mama mukwe aliniambia, mume wako ana mutoto Buyenzi, usimuulize. Nikanyamaza. Nikangoja aniambie yeye mwenyewe. Nimengoja mupaka nimemuzika. Kila mwaka nasema labda Noeli hii ataniambia." Alimgeukia mwanawe. "Na we, mwaka muzima unazunguka na jina langu: mama atakufa, mama atakufa. Umeniuliza lini? Umeniua bure, mwanangu, na mi niko hapa nakula ndizi."

Hapo hema ililipuka. Hata mzee aliyesinzia aliamka akauliza kumetokea nini.

Kisha akafanya jambo ambalo bado linazungumzwa. Alifungua kifurushi cha mirija akachagua mmoja mkavu, ambao haujagusa pombe. Akamwita mhudumu alete Fanta ya limau, akaifungua kwa kifungua chupa kilichokuwa kimefungwa kwenye kreti, akauingiza mrija. Mrija ule ni mrefu kama fimbo ya kuchungia. Ulisimama juu ya chupa ile kama antena ya redio. Akaweka chupa juu ya kigoda, ubavuni mwa mtungi, vikigusana.

"Hapa," akasema. "Mahali ni pamoja. We kunywa chako, sisi tunywe chetu. Anza we, ni we mukubwa."

Nilipiga magoti, kwa kuwa mrija ulikuwa juu sana kwa mtu aliyesimama kuuinamia na chini sana kwa mtu aliyenyooka, nikanywa. Gesi ilinipanda puani, machozi yakanitoka, na waliosema kwamba nililia hawakuijua Fanta. Mzee msemaji akasafisha koo. Akaanza upya kutaja watoto, na safari hii alianza na mimi. Binti, yule wa tatu, alikuja akapiga magoti kando yangu na mrija wake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Songa kidogo, dada." Ndugu yangu alikunywa wa mwisho. Alikunywa, hilo nitamshuhudia. Hadi leo tukikutana mjini hunipungia mkono akiwa ndani ya gari, kioo kikiwa kimefungwa, na mimi humpungia pia. Sina haja ya zaidi.

Kuna wenzangu walioisikia habari hii kwa mdomo wangu wakaniambia kwamba nilibahatika, kwamba mwanamke mwingine angezimia kweli. Inawezekana. Lakini hawaoni kosa liko wapi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Walimfanya kuwa ukuta, wakajificha nyuma yake, na walipomwona akitembea walistaajabu kwamba ukuta una miguu. Watu wengi katika mji huu wamenyamazishwa kwa jina la mama fulani, mzee fulani, mgonjwa fulani ambaye hajaulizwa. Mtu akikwambia kwamba ukweli wako utamwua fulani, nenda kamwulize huyo fulani.

Jioni ile, kabla ya giza, nilimweleza mama yangu yote. Alinifanya nirudie kuhusu chupa na mrija. Kisha akauliza kama yule mwanamke anapenda maharagwe, akanifungia kibaba kizima niende nacho siku ya pili.

Nilikwenda. Nilisimama mlangoni Kinanira na kifurushi changu, na nilipofunguliwa nilisema, kama mtu mwenye adabu anavyosema kwa mtu asiyemzoea, "Hodi, madamu." Alikipokea kifurushi, akakinusa, akaniambia kwamba nyumba hii haina madamu, kwamba mwanamke aliyeolewa na baba yangu, hata kama hakuja wa kwanza, ana jina lake kwa watoto wa baba yangu, na kwamba nisilisahau tena, kwa kuwa yeye naye amelingoja kwangu muda mrefu: Mama Mkubwa.